Mnatuuliza: Kulala mita 4,200 katika Bonde la Mackinder

Barua nyingi za toleo hili zinahusu Bonde la Mackinder, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako njia ya Sirimon hupita kuelekea kambi ya Shipton's na kilele cha Pointi Lenana. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Barua ndefu tumezifupisha.

Ndugu wahariri, tuko wanne, wenyeji wa Mombasa, afya zetu nzuri, mlima hatujawahi kupanda. Kilele si lazima. Tunataka tufike Shipton's, tulale, tuione Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, kwa karibu, turudi. Tuna siku nne, Nanyuki hadi Nanyuki. Zinatosha?
*Msomaji, Mombasa*

Kufika mtafika. Kufika mkiwa na hamu ya kula na nguvu ya kuinua kichwa kuitazama Batian, hiyo ni habari nyingine, na ndiyo sababu tunalijibu swali lenu kwa kirefu.

Mlimani kinachohesabiwa ni pale unapolala, si pale unapopita. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku wa leo usiuzidi wa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupandisha kambi. Sasa tazameni njia yenu. Geti la Sirimon liko mita 2,650. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, mwendo wa kilomita 9 kwenye barabara ya magari, saa tatu hadi nne. Kutoka hapo hadi Shipton's, mita 4,200, ni kilomita 14 hivi, saa sita hadi saba. Ratiba ya siku nne inayouzwa sana Nanyuki inawatoa 3,300 na kuwalaza 4,200 usiku unaofuata. Hizo ni mita 900 kwa mkupuo mmoja, karibu mara mbili ya kiwango. Inauzwa kwa sababu kila siku ya ziada ina ada yake, chakula chake na ujira wake, na mteja hupenda bei ndogo.

Shipton's presha ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kama asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani. Mwili hujibu kwa kupumua haraka, kisha figo hurekebisha damu ili upumuaji huo uweze kuendelea usiku na mchana. Kazi hiyo ya figo inachukua siku kadhaa na haiharakishwi na miguu yenye nguvu. Ndiyo maana kijana anayekimbia kila asubuhi ufukweni anaweza kutapika Shipton's huku shangazi yake aliyekuja polepole akinywa uji. Aliye fiti huenda kasi, anawahi kambini, na anaumwa mapema.

Ushauri wetu ni siku sita. Usiku wa kwanza mlale Nanyuki, mita 1,950. Msipitilize kutoka treni ya Mombasa hadi getini. Wa pili Old Moses. Wa tatu mna chaguo mbili: mlale tena Old Moses baada ya kupanda mchana hadi mita 3,800 hivi na kushuka, au mpige hema Liki North, kama mita 4,000. Sisi tunapendelea kurudi Old Moses, maana Liki North bado ni kuruka mita 700 na hakuna kibanda cha maana cha kujikinga mvua ikikaza. Wa nne na wa tano Shipton's, usiku zote mbili. Siku ya sita mnashuka hadi getini. Ni ndefu, kilomita 23, lakini kushuka hakuna deni na mapafu, ni magoti tu.

Kama siku nne haziongezeki, basi badilisheni lengo. Laleni Old Moses usiku mbili, na siku ya katikati mwondoke saa kumi na mbili alfajiri, mvuke vijito vya Ontulili na Liki North, mpande ukingo unaotenganisha na Bonde la Mackinder. Mkiwa juu ya ukingo huo bonde lote linafunguka mbele yenu, vilele vikiwa kichwani mwake. Kaeni nusu saa, kisha rudini. Saa saba mchana iwe mwisho wa kusonga mbele, popote mtakapokuwa, kwa kuwa mawingu hupanda adhuhuri na mvua hufuata.

Nimefika Uhuru mara zaidi ya moja. Wenzangu wananiambia Mlima Kenya unaumiza kichwa kuliko Kilimanjaro ingawa ni mfupi. Ni kweli?
*Msomaji, Moshi*

Mlima wenyewe hauna kosa, ila ratiba zake ni fupi. Kwenye njia ya Lemosho watu hukaa siku saba au nane na hulala Barranco, mita 3,976, baada ya kupitia Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, mchana wa siku hiyohiyo. Huko ndiko kupanda juu na kulala chini. Sirimon ya siku nne haina siku ya namna hiyo.

Jambo jingine ni kwamba mazoea ya mwinuko hayadumu. Wiki chache baada ya kushuka, mwili umeshaanza upya. Kufika Uhuru mara hizo kumekufundisha kupanga begi na kutembea gizani. Damu yako haikumbuki chochote.

Mume wangu alilala Shipton's na mimi sikulala. Alikuwa anapumua kwa nguvu, anapunguza, kisha kimya kama sekunde kumi, halafu anashtuka na kuvuta hewa. Nilidhani anakufa. Tunataka kurudi, ila naogopa.
*Msomaji, Dodoma*

Pole sana, dada. Uliyoyaona ni ya kawaida kwa karibu kila anayelala mita 4,200 katika usiku wa mwanzo. Kupumua kwa haraka huondoa hewa chafu, kabonidayoksaidi, kuliko ilivyozoeleka. Na hiyo hewa chafu ndiyo inayouambia ubongo uvute pumzi. Ikipungua, ubongo unanyamaza kidogo. Oksijeni ikishuka, unaamka na kuvuta kwa nguvu. Halafu mzunguko unaanza tena. Inakera na inaharibu usingizi, lakini yenyewe si ugonjwa. Msimpe dawa ya usingizi kwa ajili hiyo. Dawa nyingi za usingizi, na pombe pia, hupunguza upumuaji palepale unapohitajika.

Yanayotakiwa kukutisha ni mengine, na tunaomba uyajue kwa moyo. Kichwa kinachouma pamoja na kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mwinuko wa awali: hamsogei juu hata hatua moja, mnapumzika hapohapo, paracetamol au ibuprofen inaruhusiwa, na baada ya siku moja bila nafuu mnashuka. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno, au kukataa kuamka, ubongo umevimba. Mpimeni: atembee mita tatu kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashuka sasa. Na akihema akiwa amekaa tu, kifua kikitoa mlio wa maji, akikohoa mate yenye povu au ya rangi ya waridi, mapafu yanajaa. Naye anashuka sasa.

“Sasa” maana yake ni saa nane za usiku kama ndiyo saa yenyewe. Shusheni mita 500 hadi 1,000, mkimshika pande zote mbili, bila kumwacha atembee peke yake kwa sababu amesema yuko sawa. Hapa kuna jambo la njia hii ambalo wengi hawalifikirii kabla: kutoka Shipton's bonde linateremka vizuri mwanzoni, lakini kufika Old Moses lazima mpande tena ukingo wa kuingilia Liki North. Mgonjwa wa mapafu akipandishwa ukingo huo huzidiwa. Kwa hiyo kiongozi apige simu au redio mapema, wapagazi wenye nguvu wabaki naye, na mgonjwa abebwe pale njia inapopanda. Gari la askari wa hifadhi linaweza kufika Old Moses, halifiki bondeni.

Vile vidude vya kubana kidoleni kupimia oksijeni viongozi wengi wanavyo siku hizi. Shipton's usomaji wa asilimia 80 na kitu ni wa kawaida, na kidole chenye baridi kinadanganya. Mwangalieni mtu kwanza.

Mimi ni mbebaji wa selimundu, si mgonjwa. Rafiki zangu wananishauri nimeze Diamox niende. Mnasemaje?
*Msomaji, Kisumu*

Haya ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende kabisa. Oksijeni pungufu ndiyo hasa inayoleta maumivu na kuziba mishipa. Mbebaji, aliyerithi jeni moja tu ya selimundu, wengi wao hupanda na kushuka salama, lakini wapo ambao bandama hukosa damu wakiwa juu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, wakati mwingine yakifika begani, pamoja na kichefuchefu. Watu huyachukua kuwa ni gesi ya tumbo. Ukiyapata, unashuka na kwenda hospitali, na unamwambia daktari mapema kwamba wewe ni mbebaji. Kabla ya safari mwone daktari, mwambie kiongozi wako, kunywa maji ya kutosha, na usiende kwa ratiba ya siku nne. Tunaandika haya kwa msisitizo kwa kuwa ubebaji ni wa watu wengi kwetu, hasa kando ya Ziwa Viktoria na pwani, na wageni kutoka Ulaya ambao ushauri mwingi wa mlimani umeandikwa kwa ajili yao wengi wao hawana sababu ya kuufikiria.

Diamox, yaani acetazolamide, husaidia figo kufanya ile kazi tuliyoieleza juu. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza, vidole vitafanya ganzi ya kuchomachoma, na soda itakuwa na ladha mbovu. Aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa, mjamzito na mwenye matatizo ya figo wasiiguse bila daktari. Nayo haifichi ugonjwa: ukiumwa ukiwa umeimeza, unaumwa kwelikweli.

Tunapeleka vijana kumi na wawili wa kanisa. Mwaka uliopita tulibeba maharage na mchele. Maharage yalichemka tangu mchana hadi usiku na yakabaki magumu, gesi ikaisha. Tulikosea wapi?
*Msomaji, Thika*

Maji ya Shipton's yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100. Yanatoka mapovu, mvuke upo, kila kitu kinaonekana sawa, lakini joto halitoshi kulainisha harage kavu, na kuongeza moto hakuongezi joto hilo hata kidogo. Kunamaliza gesi tu. Kilichokosekana ni sufuria ya presha. Kama ipo, bebeni. Inarudisha joto la kuchemsha karibu na lile la nyumbani. Kama haipo, achaneni na maharage makavu, mahindi ya githeri na nyama ngumu.

Pishi linalofanya kazi ni hili. Chemsheni maharage au ndengu nyumbani hadi ziive, zikaangeni na kitunguu hadi maji yakauke, zipoe kabisa, mzifunge kwenye vyombo vyenye mfuniko, na mzile siku mbili za kwanza. Kwa Shipton's tumieni vitu vyembamba: tambi nyembamba, viazi vilivyokatwa vipande vidogo, dengu nyekundu zilizokobolewa, kabichi, mayai, chapati zilizopikwa Nanyuki. Mchele unaiva ukilowekwa nusu saa na kupewa maji zaidi kidogo, kisha sufuria ikavikwa taulo na kuachwa dakika kumi na tano bila moto. Ugali wa unga mlaini unatoka, ila usongwe kwa muda mrefu, la sivyo unabaki na ladha ya unga mbichi. Uji wa asubuhi ndio mkombozi: una maji, sukari, chumvi kidogo, na hata mwenye kichefuchefu huukubali.

Gesi ya majiko madogo ya kambi huzubaa ikiwa baridi. Mtungi ulale ndani ya hema, ndani ya begi la nguo. Jiko lenyewe lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa, hata kama vidole vimekufa ganzi. Moshi wake usioonekana unaua. Na moto wa kuni hauruhusiwi mlimani. Moto mkubwa wa Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa la msitu na nyika ya mlima huu, na nyasi hizo za juu zinapokauka mwezi wa pili na wa tatu zinashika kwa cheche moja.

Chakula kifungwe. Pimbi wa Shipton's wamezoea watu. Wanaingia kibandani mchana, wanapasua begi kwa meno, na wanapenda karanga. Msiwalishe hata kwa picha.

Tubebe nguo gani, na ni kweli chupa za maji za plastiki zinakatazwa getini?
*Msomaji, Tanga*

Ni kweli. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017. Njoo na chupa ngumu mbili za lita moja moja. Maji ya mto Liki yachemshwe au yatiwe dawa. Dawa ya klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi, kwa hiyo ipe dakika zaidi ya zilizoandikwa kwenye kichupa.

Kuhusu nguo, kumbuka joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na hewa baridi ya usiku huteremka na kujikusanya chini ya bonde. Anayepiga hema kando ya kijito kwa sababu maji yako karibu huamka hema limekuwa gumu kwa barafu. Aliyepanda mita ishirini tu kando anaamka na afadhali. Begi la kulalia liwe la kustahimili nyuzi 10 chini ya sifuri, chini yake sponji nene, kwa kuwa baridi ya ardhini ndiyo inayonyima usingizi. Boshori, glovu, sweta la sufi au fulana nzito ya nailoni, jaketi zito, koti na suruali ya mvua. Jinzi na fulana ya pamba viache nyumbani: vikilowa jasho au mvua havikauki, na vinakunyonya joto. Tochi ya kichwa na betri za akiba zilale nawe ndani ya begi. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua ni kwa ngozi zote, nyeusi pia. Uko kwenye Ikweta na juu ya mawingu. Vingi vinakodishwa Nanyuki na Nairobi. Buti usikodi kama unaweza kununua na kuzivaa wiki mbili kabla.

Malipo na geti vikoje?
*Msomaji, Arusha*

Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kenya, si pesa taslimu, na viwango vya raia, wakazi na wageni ni tofauti, hivyo njoo na kitambulisho au pasipoti yenyewe, na angalia kiwango siku chache kabla kwani vimebadilishwa. Vibanda vya Old Moses na Shipton's ni vya lodge binafsi na vinalipiwa kando. Peke yako huruhusiwi kupanda. Kutoka Nanyuki, matatu ya Meru inakushusha njiapanda ya Sirimon, kama kilomita 15, na kutoka hapo kuna kilomita 10 hivi hadi getini kwa bodaboda au gari la kukodi. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Kati ya geti na Old Moses kuna nyati na ndovu, msitawanyike.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Aprili na Novemba bonde linakuwa tope na vilele havionekani.

Tumewasikiliza, tumeongeza siku ya pili Shipton's. Tufanye nini siku nzima?
*Msomaji, Nakuru*

Vizuri sana. Asubuhi, jua likiwa bado halijagusa sakafu ya bonde, nendeni kwenye lobelia zile fupi zenye majani yaliyojipanga duara kama bakuli, zile za karibu na kijito. Ndani yake kuna maji, na juu ya maji kuna kioo cha barafu. Kigongeni taratibu kwa ukucha bila kukivunja. Chini yake maji bado ni maji, na ndani kabisa kichipukizi cha mmea kimesalimika. Barafu ya juu inakuwa kifuniko, inazuia baridi isizame. Jirani yake kuna aina nyingine, lobelia ya Teleki, iliyosimama kama mkia mrefu wenye manyoya ya kijivu. Maua yako ndani ya manyoya hayo, na ndege chozi wa kijani huyafuata humo. Senesio kubwa, ile miti yenye vichwa vya kabichi, haiangushi majani yaliyokufa. Yanabaki yakiufunika mti kama koti, na bila hayo maji ya ndani ya shina yangeganda usiku. Ndiyo maana tunawasihi msiyachune kwa kuwashia moto wala kwa kukalia. Mimea hii hukua polepole mno, na mti mrefu kuliko mtu umeishi miaka mingi.

Baada ya chai, pandeni kuelekea Simba Col, pengo la mlimani lililo kama mita 4,600. Ni saa mbili hadi tatu kwenda, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Mtu akishindwa kumaliza sentensi, kundi zima linapunguza. Mkishafika, kaeni dakika ishirini, kisha shukeni mlale Shipton's. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kushoto mtaiona Terere na Sendeyo, mbele ukuta wa Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ambavyo ni vya wakwea miamba wenye kamba.

Kama siku hiyo nyote mmekula, mmelala na hakuna anayeumwa kichwa, Pointi Lenana, mita 4,985, mnaiweza kesho yake. Ondokeni saa tisa usiku. Kutoka Shipton's ni saa tatu hadi nne, na jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu. Sehemu ya mwisho ina vyuma vya kushikilia na ngazi, na alfajiri vinaweza kuwa na barafu, hivyo glovu zisivuliwe kwa ajili ya picha. Anayeamka na kichwa kinachouma abaki kitandani, na mmoja wa viongozi abaki naye. Wekeni makubaliano hayo jioni, kabla ya kulala, na myaseme mbele ya wote, kwa sababu saa nane usiku hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema anaumwa.

Taka zote, pamoja na karatasi za chooni, zishuke nanyi hadi getini. Mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 pamoja na vitu vyake mwenyewe. Pimeni mizigo Nanyuki, si getini ambako kila mtu ana haraka, na mhakikishe naye ana begi la kulalia na koti la mvua, kwa kuwa baridi ya Shipton's haimpiti.